Meli kuukuu ya mizigo, rigi, tishali au jukwaa la miguu: kwa kurushia roketi baharini uchukue ipi?

Nianze na jibu kabisa manake najua wengine mnataka jibu tu. Kama roketi yako ni ya mafuta mango, yaani ile inatoka kiwandani imeshashindiliwa fueli ndani kama fataki, chukua meli ya mizigo yenye deki wazi na tambarare. Kama ni roketi kubwa ya mafuta ya maji, tafuta rigi ya kuelea, yaani jukwaa la kuchimbia mafuta baharini, na uwe na pesa ya kuilisha hata miezi ambayo hairushi kitu. Kama una bahari ya kina kifupi karibu na ikweta na serikali iliyokubali, jukwaa la miguu linalosimama kwenye mchanga chini ndo tulivu kuliko vyote. Na ile meli kuukuu ya kawaida ya ngama tatu nne, yaani matumbo ya kubebea mzigo, zenye vifuniko juu, ambayo ndo kila mtu anaiwaza kwa sababu inauzwa bei ya skrepa, iyo iache.

Nasema ivi sio kwa kubahatisha, mimi nimechomelea vyuma vya meli miaka kumi na kitu, Mombasa mwanzo alafu Ghuba, na nimekulia pwani ya Malindi ambako majukwaa ya Waitaliano ya kurushia roketi pale Ngomeni tumekua tukiyaona baharini kama sehemu ya bahari yenyewe. Kwa iyo hii mada naipenda kweli na inaniuma nikiona watu wanaangalia bei ya chombo tu.

Kwanza kwa nini baharini. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, na pale ikweta ardhi inakwenda karibu mita 465 kwa sekunde, kwenye vituo vya roketi vya kaskazini, Cape Canaveral kule Florida ni kama 408, Baikonur kule Kazakhstan ni kama 323. Roketi iliyosimama ikweta inaanza safari tayari imepewa iyo kasi bure. Alafu setilaiti nyingi za TV na simu zinakaa juu ya ikweta, ukirusha kutoka kaskazini lazima uchome mafuta kupinda njia mpaka ilale sawa na ikweta, ukirusha kutoka ikweta yenyewe hupindi kitu. Tena vipande vya roketi vikidondoka vinadondoka majini sio juu ya paa la mtu. Ila kama setilaiti yako ni ya kupiga picha za dunia, ile inapita juu ya ncha mbili, ikweta haikusaidii chochote, wewe unachotaka ni bahari wazi upande inakoelekea roketi na uwezo wa kusogea mbali na njia za meli na ndege. Weka sawa hilo kwanza kabla hujatafuta chombo.

Sasa meli ya ngama. Ukiiangalia kutoka gatini unaona deki ndefu pana unasema hapa panatosha. Lakini ile deki katikati ni mashimo, kile unachokiona ni vifuniko tu. Nguvu ya meli ya mizigo iko chini kwenye sakafu ya ngama na pembeni kwenye mataruma, zile mbavu za meli, vifuniko vimetengenezwa kubeba maji ya mawimbi na pengine mzigo uliotandazwa sawasawa, sio stendi moja ya chuma yenye tani mia zimekaa sehemu ndogo alafu dakika iyo iyo moto wa roketi unaichapa. Kwa iyo itabidi uzibe ngama kwa pleti nene, usimamishe nguzo kutoka sakafu ya chini mpaka juu, utafute njia ya moto kutoka nje bila kupiga daraja la nahodha, upitishe mabomba ya maji ya kupoza. Hapo umejenga meli mpya ndani ya meli ya zamani, na ya zamani bado inaoza.

Kuoza nako nakuzungumzia kwa kuwa nimekuona. Tulishawahi kuletewa meli ya miaka zaidi ya 20 tubadilishe pleti chache, karatasi za mwenye meli zilionyesha unene wa milimita 14, tulipopitisha kipimo tukakuta kuna sehemu zimebaki 8, tena ndani ya tangi la balasti, lile la maji ya kuipa meli uzito itulie, ambako hakuna mtu alikuwa anaingiza hata kichwa. Kazi ya wiki mbili ikawa miezi mitatu. Sasa fikiria chombo kama icho ndo usimamishe juu yake kitu kilichojaa fueli.

Alafu kuyumba. Hapa naomba mnisome taratibu. Meli ikilala digrii moja tu, ncha ya roketi ya mita 30 inasogea kama nusu mita. Digrii tano ni mita mbili na nusu na zaidi. Roketi ya mita 60 zidisha mara mbili. Na meli ya mizigo ni ndefu na nyembamba, wimbi likiingia ubavuni inalala huku inarudi kule. Mtu atasema basi jaza balasti chini itulie, ndio, lakini baharia yeyote anajua uzito ukizidi chini meli inakuwa ngumu, inarudi kwa kuchapa, na kule kuchapa ndo kunaumiza kitu kirefu kilichosimama juu. Ukipunguza uzito chini inayumba polepole lakini inalala sana. Ni kutafuta katikati, na katikati yenyewe inabadilika ukishajaza roketi mafuta.

Lakini sio meli zote za mizigo ziko ivo, na hapa ndo Wachina wamefanya kitu cha akili sana. Tarehe 5 Juni 2019 walirusha roketi yao Long March 11 kutoka Bahari ya Njano wakitumia chombo kinaitwa Tai Rui, alafu tarehe 15 Septemba 2020 wakarusha nyingine ikiwa na setilaiti tisa kutoka De Bo 3, ambayo ni meli ya kubebea mizigo mikubwa juu ya deki, haina ngama za kufungua, deki yake ni uwanja mtupu, na meli yenyewe ni karibu mita 160 kwa karibu 39. Deki kama iyo tangu siku ya kwanza ilichorwa kubeba vipande vya madaraja, mitambo, vitu vya tani mamia vimekaa sehemu moja. Upana nao ni nusu ya utulivu. Kwa iyo kazi ya kugeuza inakuwa ndogo, unaweka stendi, unaweka kinga ya moto, unaweka mitambo ya kupimia, basi.

Na roketi yenyewe waliichagua iendane na meli. Long March 11 ni ndogo, kama mita 21 na tani 58 ivi, mafuta mango hatua zote, yaani vile vipande vya roketi vinavyowaka kwa zamu, haihitaji matangi ya oksijeni baridi wala pampu wala watu wa kujaza dakika za mwisho. Zaidi ya hapo inasukumwa nje ya bomba lake kwa gesi kwanza, injini inawaka ikiwa tayari iko hewani, kwa iyo moto mkubwa hauigusi deki kwa karibu. Sijui kama mnaona uzuri wake, tatizo gumu kuliko yote la chombo, ambalo ni moto, wamelitatua kwenye roketi sio kwenye meli. Baadaye wakajiamini, tarehe 11 Januari 2024 kampuni ya Orienspace ikarusha Gravity-1 karibu na Haiyang mkoa wa Shandong, ile ina tani kama 400 na inawaka palepale kwenye deki, bado mafuta mango. Haiyang sa hivi ni bandari kamili ya roketi, roketi inaandaliwa nchi kavu, inapakiwa gatini, meli inatoka, inarusha, inarudi.

Ro-ro, meli ambayo magari yanaingia yakiendeshwa, nayo ilijaribiwa, ingawa kwa kutua sio kurusha. Blue Origin, kampuni ya roketi ya tajiri Jeff Bezos, walinunua meli kuukuu ya kubebea malori, Stena Freighter, karibu mita 180, wakaipeleka Pensacola kule Florida kuibadilisha ili hatua ya kwanza ya roketi yao New Glenn itue juu yake meli ikiwa inatembea, manake meli inayotembea inatulia zaidi kuliko iliyosimama, jambo ambalo ni kweli kabisa ukiwa na mapezi ya kuzuia kuyumba. Mwaka 2020 ikapewa jina Jacklyn, jina la mama yake Bezos. Mwaka 2022 wakaiacha, ikavutwa mpaka Brownsville Texas ikakatwa skrepa. Badala yake wakatumia tishali jipya lililopewa jina lilelile, na Novemba 2025 roketi ikatua juu yake. Kampuni yenye pesa kiasi kile ilinunua meli kuukuu ya mizigo, ikaishughulikia miaka, mwisho ikaona afadhali tishali. Mimi kwangu huo ni ushahidi mzito kuliko hesabu zangu zote.

Rigi sasa, na hapa historia ni moja kubwa, kampuni ya kurusha roketi baharini ya Sea Launch. Chombo chao Odyssey kilianza maisha kama rigi ya kuchimba mafuta iliyojengwa Japani, ikapata mlipuko na moto Bahari ya Kaskazini mwaka 1988 mtu mmoja akafariki, ikakaa, alafu ikanunuliwa ikageuzwa kule Stavanger Norway na Vyborg Urusi ikawa kiwanja cha roketi. Urefu mita 133, upana 67. Boeing walikuwemo, Warusi, Waukraine na Wanorwe. Roketi ilikuwa Zenit, inatumia mafuta ya taa na oksijeni ya maji. Bandari ya nyumbani Long Beach California, kutoka pale wanasafiri kama siku 11 mpaka ikweta nyuzi 154 magharibi katikati ya Pasifiki, wanajaza maji kwenye matangi ya chini rigi inazama kama mita 22, watu wote wanahamia meli ya pili, Sea Launch Commander, wanakaa umbali wa kilomita kadhaa, kila kitu kinafanywa na mitambo.

Kwa nini rigi inatulia? Waliokaa pwani wataelewa haraka. Mtumbwi mtupu unaelea kwa mwili wake wote, wimbi likija linaubeba wote. Ngalawa ina matengo pembeni, imeutanua msingi wake. Rigi ya kuelea imekwenda mbali zaidi, uzito na uelea wake uko kwenye maboya makubwa yaliyozama chini ambako wimbi limeshapungua nguvu, na pale juu ya maji zinakatiza nguzo tu, kwa iyo wimbi linapita katikati ya nguzo halipati mahali pa kushika. Meli kuukuu ya mizigo hata uifanyeje haitapata umbo ilo.

Kazi ilifanyika kweli. Jaribio la kwanza 27 Machi 1999, mpaka 26 Mei 2014 walikuwa wamerusha mara 36 na nyingi zilifaulu. Setilaiti tatu za mwanzo za Thuraya, zile za simu za watu wa Emirati ambazo manahodha wa majahazi na watu wa meli wengi Bahari ya Hindi wamezitumia, zilipanda kutoka rigi iyo. Tarehe 30 Januari 2007 roketi iliyobeba setilaiti ya NSS-8 ililipuka palepale kwenye stendi, moto ukafunika deki yote, ile chuma kubwa ya kugeuza moto chini ikang'oka ikazama, lakini hakuna mtu aliyeumia manake hakukuwa na mtu, na rigi yenyewe ikabaki inaelea, ikaenda Canada kutengenezwa, na Januari 2008 ikarusha Thuraya-3. Chombo kipi kingine kingehimili ivo? Meli ya deki wazi yenye injini na vyumba vya mabaharia nyuma sidhani.

Mbona basi ilikwama? Gharama. Rigi haikujui kama umerusha au hujarusha, mabaharia wanalipwa, jenereta zinakula dizeli, survei inataka pesa, na vyombo ni viwili sio kimoja. Juni 2009 waliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Baadaye kampuni ya S7 ya Urusi ikavinunua vyombo, mwaka 2020 vikapelekwa Slavyanka karibu na Vladivostok, vikafungwa huko. Na roketi ilikuwa inajengwa Ukraine ikiwa na injini za Urusi, baada ya 2014 mnajua yaliyotokea kati ya nchi izo. Kwa iyo ukichagua rigi hakikisha una oda za roketi kadhaa kila mwaka, na roketi isiyotegemea nchi mbili zinazogombana.

Na bei ya kununua isikuhadae. SpaceX, kampuni ya roketi ya Elon Musk, mwaka 2020 walipata rigi mbili za maji ya kina kirefu kutoka kampuni ya Valaris iliyokuwa inafilisika, dola milioni 3.5 tu kila moja, wakaziita Phobos na Deimos, wawe wanarushia roketi yao kubwa Starship. Mwaka 2023 ikajulikana wameziuza, mkubwa wao Gwynne Shotwell akaeleza kwamba haziwafai na kwamba wanataka kwanza kuirusha na kuielewa ile roketi. Dola milioni 3.5 ni bei ya nyumba nzuri huko kwao, na bado waliona kuendelea nazo ni hasara.

Tishali nitapita haraka. Halina injini, linavutwa na tagi, ile meli ndogo ya kuvuta, ni bapa, deki imara, rahisi kutengeneza na rahisi kubadilisha pleti. SpaceX wanayatumia ili hatua za kwanza za roketi yao Falcon 9 zitue juu yake, ikafaulu mara ya kwanza 8 Aprili 2016, wakiwa wameongeza mabawa pembeni na propela za kulishikilia mahali pamoja. Kwa kurusha roketi nzito bado linacheza sana bahari ikichafuka, ila kama uko karibu na pwani na unachagua siku yako, ni rafiki mzuri wa mwenye pesa kidogo.

Na kama roketi yako ni ndogo kabisa, ile ya utafiti inapanda inapima hewa inadondoka, usinunue chochote kati ya vyote nilivyosema. Tafuta meli ya saplai ya rigi iliyostaafu, ile ya deki ndefu wazi nyuma, nyingi tayari zina mtambo wa kujishikilia mahali pamoja bila nanga. Roketi kupanda kutoka meli ni jambo la zamani, jeshi la maji la Marekani lilirusha V-2, roketi ya vita ya Wajerumani, kutoka manowari ya ndege Midway tarehe 6 Septemba 1947, ikapinda ikavunjika angani, alafu tarehe 11 Mei 1950 wakarusha Viking kutoka Norton Sound, meli iliyokuwa ya kuhudumia ndege za majini, ikapanda zaidi ya kilomita 160. Na Mei 2023 kampuni ndogo ya The Spaceport Company ilirusha roketi ndogo nne Ghuba ya Meksiko kutoka chombo kilichogeuzwa.

Nimeacha la miguu mwisho kwa makusudi manake ni la kwetu. Profesa Luigi Broglio wa Roma alitaka ikweta, Italia haina ikweta, akaja ghuba ya Ungwana kaskazini ya Malindi. Jukwaa la kwanza, Santa Rita, lilitokana na rigi ya mafuta, mwaka 1964 likarusha roketi za utafiti. Alafu likaja San Marco, jukwaa refu la chuma lenye miguu mingi inayoshushwa mpaka chini kwenye mchanga, nyuzi kama 3 tu kusini ya ikweta. Ukishashusha miguu na kuinua mwili juu ya maji, mawimbi hayana habari na wewe, hesabu yote ile ya digrii na nusu mita inafutika. Roketi ilikuwa Scout ya Marekani, hatua nne, zote mafuta mango, mnaona mambo yanavyorudi palepale. Jukwaa la kurushia huku, la kuongozea kule mbali kidogo, nyaya zinapita chini ya maji, hamna haja ya kuhama kwa meli ya pili.

Scout tisa zilipanda kutoka pale kati ya 1967 na 1988. Ile ya 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ilibeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja tu ya kuangalia miale ya eksirei angani, na Marjorie Townsend aliyeongoza mradi kule NASA, shirika la anga la Marekani, akaipa jina Uhuru. Neno letu, liko kwenye vitabu vya wanasayansi wa nyota duniani, na lilitokea Ngomeni kwenye chuma kilichogeuzwa kazi. Mimi kila nikiandika hili nasisimka.

Kasoro ya miguu ni kwamba umefungwa pale pale, kina kikizidi miguu haifiki, na chumvi inakula miguu hasa pale maji yanapopanda na kushuka, hilo ni la kupaka na kuchomelea kila mwaka usipofanya utajuta. Tena uko chini ya nchi mwenye maji, kwa iyo mkataba uwe safi. Meli nayo isikufanye ufikiri umekimbia sheria, mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unaibebesha nchi iliyorusha dhamana ya madhara, uwe kilindini au gatini, na bendera ya chombo lazima iwe ya nchi iliyojua unachofanya, vile vyombo vya Sea Launch vilikuwa na bendera ya Liberia lakini leseni ya kurusha ilitoka Marekani.

Kwa pwani yetu mimi ningechagua ivi: miguu ghuba ya Ungwana kwa setilaiti ndogo za mafuta mango, na kama miguu haiwezekani basi meli ya deki wazi, na yoyote kati ya hizo mbili kazi nzito ya baharini, kupakia, kuvuta, kupandisha roketi, ipangwe maleleji, ule upenyo kati ya kaskazi na kusi bahari inapolala. Kusi ikishashika mwezi wa sita wa saba mimi nisingesimamisha kitu cha mita 30 juu ya chombo kinachoelea.

Na kama bado umeng'ang'ania meli kuukuu, angalau nenda nayo drai doki kabla hujalipa. Ingia matangi ya balasti mwenyewe na tochi, piga nyundo pleti usikilize sauti, pitisha kipimo cha unene kila mita sio pale tu mwenye meli anapokuonyesha, na omba kuona tarehe ya survei ya mwisho. Akikuambia matangi yamejaa maji hayawezi kufunguliwa leo, rudi siku yakiwa makavu.